Mwanya wa Bibi

Katika Malindi na Mambrui, mwanya ulihesabiwa pambo: pengo dogo baina ya meno ya mbele liliusifu uso wa mwanamke, na mswaki wa mti ukatosha kuyang'arisha meno yenyewe. Sasa picha za simuni zamwonyesha binti meno yaliyoshikana, meupe kama karatasi. Naye fundi asiye na leseni humwahidi hayo hayo katika chumba cha saluni. Akishika tupa huisaga enameli, nayo ikishaondoka haioti tena. Sheria ya Kenya, Sura 253, yamtaka kila daktari wa meno asajiliwe. Lakini mara nyingi sheria hufika baada ya maumivu. La kujiuliza mapema ni hili: ni nani aliyemfunza binti kuuonea haya mwanya uliompa bibi yake sifa?