Kukosa Usingizi

Usingizi hauuzwi sokoni. Tajiri hawezi kuununua, maskini hanyimwi kwa umaskini wake, na mfalme hana amri juu yake. Aliyenao hauoni thamani. Aliyeukosa huijua thamani yake yote.

Alikuwako Tanga mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa heshima na maneno machache. Mkewe alipofariki dunia, usingizi wake ulifuata jeneza. Arobaini ilipita, wageni wakatawanyika, lakini usingizi haukurudi. Alipanda kitandani saa mbili za usiku, akahesabu saa mpaka adhana ya alfajiri. Na mchana akajinyoosha tena ili alipe deni la usiku. Majirani walinong'ona habari za uchawi. Mwenyewe alichelea neno zito zaidi: wazimu. Usiku mmoja lilimpitia wazo kwamba kufa ndiyo njia pekee ya kulala. Wazo lile lilimtisha. Asubuhi akamwambia binti yake, naye akampeleka kwa daktari siku ile ile.

Daktari aliuliza kwanza juu ya wazo la kufa, waziwazi na bila haya. Akaagiza mzee asiachwe peke yake usiku, na arudi kila wiki. Kisha akauliza juu ya huzuni. Mwisho akauliza juu ya kitanda, na swali hilo lilimshangaza mwalimu.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa kukosa usingizi ni kivuli tu cha maradhi mengine. Mwenye kivuli akiondoka, kivuli nacho huondoka. Dhana hiyo imepungua nguvu. Katika mwaka 2011 Chiara Baglioni na wenzake walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi, wakaona kuwa watu wasio na sonona, lakini wanaokosa usingizi, wako katika hatari ya kupata sonona baadaye kama mara mbili ya wanaolala vyema. Katika mwaka 2017 Daniel Freeman wa Oxford na wenzake walitangaza jaribio la wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza: waliotibiwa usingizi walipungukiwa pia na shaka zisizo na msingi juu ya watu wengine. Huzuni hufukuza usingizi, na kukosa usingizi hulea huzuni.

Kwa hiyo mwalimu alitibiwa yote mawili kwa pamoja. Juu ya usingizi, hakupewa vidonge, bali masharti. Asipande kitandani kabla ya saa tano na nusu za usiku. Akikesha kitambo, aondoke akakae ukumbini mpaka usingizi umjie. Aamke kwa adhana kila siku, ajapokuwa hakulala. Na mchana asilale. Alikuwa akikaa kitandani saa tisa na kulala saa tano tu, hata kitanda kikamfundisha kukesha. Ilikuwa lazima kitanda kifundishwe upya. Richard Bootzin alieleza mafunzo ya namna hii katika mwaka 1972, na Arthur Spielman akaeleza katika mwaka 1987 kanuni ya kupunguza saa za kitandani, kisha kuziongeza kidogo kidogo.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa chungu. Mwalimu alisinzia mchana, akanung'unika, akataka kuacha, binti akamsihi. Katika wiki ya tano adhana ilimwamsha. Alikaa kitako akastaajabu, maana tangu mazishi hakuna sauti iliyowahi kumkuta amelala.

Mkewe hakusahauliwa, wala huzuni haikwisha. Ila aliyelala hupata nguvu ya kuibeba. Usingizi ni kama mgeni: haburutwi kwa mkono. Hutandikiwa mkeka, huachiwa mlango wazi, na mwenyeji hutulia. Mwenye kukesha usiku baada ya usiku asione haya kusema. Aliyenyamaza hukesha peke yake.