Kamba Kabla ya Msumeno

Vijana wanaponiuliza ni chombo gani kilichoigeuza kazi yetu ya kukata na kupogoa miti, hungojea niitaje pawa-so, ule msumeno wa mnyororo unaonguruma hata mtaa wa tatu ukajua kwamba leo mwembe wa fulani unaangushwa. Nami huwajibu kwamba pawa-so ilitupunguzia jasho, na hilo si jambo dogo, lakini iliyoigeuza kazi hasa ni kamba, na iliyotulazimisha kuijua kamba ni dhiki ya nafasi.

Mjomba aliponichukua niwe mshika kamba wake, miaka michache baada ya uhuru, bara ya Mombasa kwa pande zake zote ilikuwa bado nchi ya mashamba kuliko ya mitaa. Upande wa Kisauni, kutoka Kongowea hadi Mtopanga na mbele yake, minazi ilifuatana na miembe, na miembe ikafuatana na mikorosho. Likoni, mtu akishashuka feri na kuipa bahari kisogo, hakwenda mbali kabla hajaingia kivulini. Na hata Changamwe, ambako reli na kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963 vilikuwa vimevuta watu wengi, hapakukosekana viunga vyenye miti mikubwa iliyosahauliwa na wenyewe. Katika nchi ya namna hiyo mti uliangushwa mzima mzima, ukaanguka upande aliouelekeza mkataji, na aghalabu haukuwa na cha kuvunja isipokuwa mihogo ya jirani, ambayo thamani yake ilikadiriwa papo hapo na kulipwa bila ya kelele nyingi.

Zana zetu zote zilipakiwa juu ya baiskeli moja: shoka kubwa na shoka ndogo, panga, msumeno wa watu wawili, tupa ya kunolea, na bunda la kamba ya usumba. Shoka lilikuwa na mpini wa mkwaju aliouchonga mjomba mwenyewe, wala hakumruhusu mtu kuliazima, kwa kuwa aliamini kwamba mpini huzoea mkono mmoja. Kamba nayo ilitokana na makumbi ya nazi yaliyozikwa katika matope ya pwani hata nyama yake ikaoza, kisha yakapigwa, nyuzi zikatengwa na kusokotwa. Ilikuwa na ukakasi wa kuchubua viganja, lakini haikuogopa chumvi, na ilivutika kidogo kabla ya kukatika, hivyo ikampa mtu nafasi ya kukimbia. Ya katani, iliyosokotwa kwa mkonge kama ule unaolimwa Vipingo, ilikuwa na nguvu zaidi ingali kavu. Ila ikinyeshewa na masika, kisha ikakunjwa mbichi na kusahauliwa stoo, huoza kwa ndani ilhali nje yang'aa. Mjomba alikuwa na desturi ya kuifumbua katani kila baada ya mvua, akazitenganisha nyuzi zake kwa kidole na kuzinusa, na iliyonuka uvundo akaikata vipande vya kufungia mbuzi.

Kabla ya pigo la kwanza alikuwa akiuzunguka mti kwa utulivu ambao mimi, kwa utoto wangu, niliudhani ni uvivu. Aligonga shina kwa kisogo cha shoka kuanzia magotini hadi mkono wake ulipofika, akisikiliza wapi panaitika kama ubao na wapi panaitika kama ngoma. Akatazama kama pana uyoga uliomea kwenye mashina ya mizizi, au njia za mchwa, au ufa pale matawi mawili makubwa yanapoachana. Kila mti ulikuwa na tabia yake nasi tulilazimika kuijua. Mkwaju hupinda na kustahamili, na mtu aweza kuuamini uzito wake hata kwenye tawi lisilozidi unene wa mkono. Mzambarau una ghadhabu, hukatika ghafula bila ya kulia kwanza. Mkorosho na mwembe hutoa utomvu unaounguza ngozi, basi tulijipaka mafuta ya nazi kabla ya kupanda. Tena mwembe aghalabu una maji moto, wale sisimizi wekundu washonao majani kuwa nyumba, ambao hungoja hata mikono yote miwili ya mkweaji imeshughulika ndipo wakamwingia kwapani. Tuliwanyunyizia jivu, na hasira zao zikapungua kwa muda mfupi usiotosha. Kwenye minazi tulikatazwa kuwaua, kwani wazee wa mashamba walishika kwamba mnazi wenye maji moto haupukutishi nazi changa, na wataalamu wa kilimo walipochunguza jambo hilo waliwaunga mkono: sisimizi hao huwafukuza kunguni wanaofyonza nazi zingali changa.

Mnazi ulikuwa na wataalamu wake, wakwezi, ambao walipanda kwa vipandio vilivyochanjwa shinani huku miguu imefungwa kitanzi cha kamba, na sehemu ya ujira wao wakiipokea kwa nazi zenyewe. Sisi tuliitwa pale tu mnazi ulipokufa au ulipoelemea nyumba, na siku hiyo ilikuwa karamu, maana kilele kikishashuka hutolewa shaha lake, jeupe na tamu, likaliwa hapo hapo kwa chumvi.

Idhini ya kukata ilikuwa na fitina zake, na hapa mgeni wa pwani yafaa aelezwe. Kwetu haikuwa ajabu, wala hadi leo si ajabu, ardhi ikawa ya mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ikawa ya wa pili anayelipa kodi ya kiwanja, na mnazi ulio uani ukawa wa wa tatu aliyeurithi kwa babu yake. Mwenye nyumba atakuita kwa sababu makuti yanamwangukia, nawe ukikubali kwa haraka, jioni utatembelewa na mwenye mti, na kesho yake na wakala wa mwenye ardhi. Mjomba hakunoa shoka kabla hajawaona watatu hao, tena mbele ya mashahidi. Na nimewaona mafundi hodari kuliko yeye waliofilisika kwa kuipuuza ada hiyo.

Mnamo mwaka 1980 daraja jipya la Nyali lilifunguliwa mahali pa lile la zamani lililoelea juu ya maji tangu 1931, na Kisauni ikaanza kujaa. Sikuona mashamba yakiuzwa. Niliona tu kwamba kila tulipoitwa, nyumba imesogea karibu zaidi na mti. Mapaa ya makuti, ambayo tawi likiyaangukia hutoboka na kushonwa upya kwa siku moja, yaligeuka mabati. Mabati yakafuatwa na vigae na ghorofa. Na kati ya nyumba na nyumba zikapita nyaya za stima, ambazo hatukuthubutu kuzikaribia mpaka watu wa umeme waje kuuzima. Mwembe uliokuwa na shamba zima la kuangukia sasa ulikuwa na uchochoro usiopitisha mkokoteni. Basi mti usingeweza tena kuangushwa; ulipaswa kushushwa kipande kwa kipande, kuanzia juu, na kila kipande kifungwe kamba iliyopitishwa kwenye panda ya juu yake, na mwisho wa kamba uzungushwe shinani chini, ambapo mtu mmoja anailegeza taratibu, msuguano wa shina ukimsaidia kuuzuia uzito ambao mikono yake peke yake isingeuweza. Walioifahamu kazi hiyo kuliko sisi sote walikuwa mabaharia wa majahazi waliokosa safari, watu waliokwisha kutweka na kutua matanga umri wao wote, nao ndio waliotufundisha kutumia kapi.

Nakumbuka mwembe mmoja wa Likoni ambao tawi lake kubwa lilitanda juu ya jiko la bati, na ndani ya jiko mlikuwamo bibi mmoja akikaanga mahamri ya kuuza. Nilimwita kutoka juu:

“Bibi, shikamoo. Nakuomba utoke kidogo, tawi lataka kushuka.”

“Marahaba, mwanangu. Mafuta yangu yamechemka, siwezi kuyaacha. Hiyo kamba yako waiamini au huiamini?”

“Naiamini, bibi.”

“Basi kata.”

Mjomba, aliyekuwa chini ameshika kamba, hakukubali. Aliuzima moto kwa mkono wake mwenyewe, akayalipia mahamri yote yaliyokuwa katika karai, akamkalisha bibi barazani kwa jirani, ndipo akanipa ishara. Tawi lilishuka bila ya kuligusa bati, na bibi akatutangaza Likoni nzima kwamba tumemharibia biashara bure.

Pawa-so nayo ilitujia kwa njia ya wapasua mbao. Kampuni ya Stihl ya Ujerumani ilianza kuunda misumeno ya mnyororo mwaka 1926, ule wa kwanza ukiendeshwa kwa umeme na kushikwa na watu wawili, na Husqvarna ya Uswidi ikafuata mwaka 1959. Lakini kwetu ilikuwa mali ya tajiri, ikakodiwa kwa siku, pamoja na mwendeshaji wake aliyejiona rubani. Haikunichukua muda kuufahamu uzuri wake, maana gogo la mwembe lililotaka asubuhi nzima sasa lilitaka muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Ila ina masharti. Petroli sharti ichanganywe na oili kwa kipimo, si kwa kukisia. Mnyororo sharti ulainishwe, na wengi hutia oili chafu iliyomwagwa na magari, nayo huuharibu. Na ncha ya ule ubao wa chuma ikigusa tawi, msumeno huruka nyuma kuelekea uso wa mwenyewe kwa kasi isiyompa nafasi ya kupiga bismillahi. Mnazi ndio unaouadhibu zaidi, kwa kuwa gamba lake la nje ni gumu mno, na chembe kama za mchanga zilizomo katika nyuzi zake huyafanya butu meno ya mnyororo, hata ukauona unatoa vumbi badala ya maganda. Ndiyo sababu nikiwa juu ya mti nimependelea siku zote msumeno mdogo wa mkono uliopinda, nikaiachia pawa-so kazi za ardhini. Vijana hunicheka, lakini rai yangu ni hiyo.

Mvua za El Nino za mwaka 1997 zilitupa kazi nyingi na usingizi mchache, kwani udongo ulilowa hata miti mizima ikalala yenyewe. Na upande wa Bamburi tulikuwa tukiitwa kupunguza mivinje, mti ambao mimi nauheshimu kwa ugumu wake, na kwa kuwa René Haller alipojaribu mwaka 1971 kuotesha aina 26 za miti katika mashimo makavu ya kiwanda cha saruji, mvinje ulikuwa mmojawapo wa tatu tu zilizoishi.

Mpwa wangu, ambaye alikaa Dubai akisafisha mitende, alirudi na mambo mawili. La kwanza ni mshipi mpana wa mgongoni, wa namna ambayo Waarabu wa Omani na Imarati wameutumia kwa karne nyingi kukwelea mitende, unaomwezesha mtu kuegemea nyuma na mikono yote ikawa huru, bila ya kuuchanja mti. La pili ni fundo ambalo Mwaustria Karl Prusik alilieleza mwaka 1931, linalobana kamba likielemewa na kuteleza likiachiliwa. Nalo kwa nailoni ya kisasa limemfanya mtu aweze kuning'inia kutwa nzima bila ya khofu, mradi akumbuke kwamba nailoni ikisuguana na nailoni nyingine kwa kasi huyeyuka. Alileta pia kofia ngumu na miwani, nami nilivaa bila ya ubishi.

Serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, Februari 2018, marufuku iliyodumu hadi 2023, miembe ya uani haikuwamo, lakini kusafirisha gogo barabarani kulikuwa ni kujitakia maswali, basi wateja wengi wakachagua kupogoa badala ya kung'oa. Hapo ndipo tulipokhitilafiana na mpwa wangu. Amenunua viatu vya miiba ya chuma, vinavyompandisha shinani upesi kama paka, nami naona kila mwiba umeacha jeraha ambalo mvua na wadudu watalitumia. Yeye hunijibu kwamba babu zetu walichanja vipandio katika minazi na minazi ikaishi, na hilo sina jibu lake kamili. Tumepatana hivi: miiba ataivaa kwenye mti uliokwisha kuhukumiwa hadi kisiki, na kwenye mti utakaobaki atapanda kwa kamba, na maadamu gari na misumeno ni yake, lakini wateja bado wananipigia simu mimi, ndivyo tufanyavyo.