Mashine ya presha, karatasi ya Baba na hesabu inayovuja

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, lakini hiyo itangoja kidogo. Leo nataka tuongee kuhusu kimashine ambacho wengi wenu mmewahi kufungwa mkononi bila kujiuliza kinafanya nini: mashine ya kupima presha.

Zamani daktari alikuwa anasikiliza. Mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitengeneza mkanda wa kujazwa hewa mkononi, na mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha kwamba ukiweka kifaa cha kusikilizia kwenye mshipa, mlio unaanza na kukoma unapopunguza hewa. Mlio unapoanza ndiyo nambari ya juu, unapokoma ndiyo ya chini. Hadi leo tunahesabu kwa milimita za zebaki.

Sasa hii ya betri haisikilizi kitu. Inajaza mkanda, inaachilia hewa polepole, na kihisio ndani yake kinarekodi mitetemo midogo ya mshipa. Mtetemo mkubwa kuliko yote unakaribia presha ya wastani. Nambari ya juu na ya chini, zile unazosomewa, mashine haijazipima! Imezikadiria kwa kanuni ya kampuni iliyoiunda, na kanuni hiyo kwa kawaida ni siri. Kwa mtu anayeandika programu kama mimi hilo linawasha kichwa. Ndiyo maana mashine inafaa iwe imejaribiwa na watu huru dhidi ya kipimo cha kuaminika. Nyingi zinazouzwa hazijawahi kujaribiwa hivyo. Kwa hiyo kabla hujanunua, usiangalie bei pekee.

Kwa nini nimeingia kwenye mambo haya? Mwezi wa Mei kuna kampeni za kupima presha bure, maana tarehe 17 Mei ni siku ya presha duniani, na tangu 2017 madaktari wa kimataifa wa presha wameufanya mwezi wote kuwa wa kupima. Basi hema likawekwa karibu na soko huko kwetu Nakuru. Baba yangu ni seremala, ana miaka 61, na hospitali huiona anapompeleka mtu mwingine. Nilikuwa nimeenda nyumbani wikendi, nikamwambia, "Baba, twende tu, ni dakika mbili." Akakubali kwa sababu ilikuwa njiani kwenda kununua misumari.

Foleni ilikuwa ndefu na waliokuwa wakipima walikuwa wachache. Watu walipimwa mara tu walipofika kitini, wengine wakiendelea kupiga gumzo, mkono ukining'inia. Yote hayo hupandisha nambari. Inatakiwa ukae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja, mkono mezani usawa wa moyo, mdomo umefungwa, kisha upimwe mara mbili au zaidi. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene nao unapandisha. Siwalaumu sana wale vijana, jua lilikuwa kali na watu ni wengi. Lakini msomaji, ukienda, omba ukae kwanza. Ni haki yako.

Baba: 172 kwa 101. Nikaomba akae kando, apimwe tena. 164 kwa 98. Mpaka unaotumika sana ni 140 kwa 90, kwa hiyo hata ukiondoa jua na foleni, hiyo si ndogo. Akaandikiwa nambari kwenye kikaratasi, akaambiwa aende kliniki. Akanigeukia: "Mbona mimi sisikii kitu?"

Hapo ndipo kuna shida yote. Presha kwa kawaida haina dalili hadi iharibu figo, moyo, au ilete kiharusi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 hapa Kenya ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu. Sasa fuateni hesabu: katika kila wenye presha 100, karibu 16 tu walijua. Kati ya hao 16, wanne walikuwa kwenye dawa. Kati ya wanne, wawili ndio presha yao ilikuwa imeshuka inavyotakiwa. Wawili kwa mia! Programu inayopoteza data namna hiyo kila hatua, ningefukuzwa kazi.

Na hema lile linaziba tundu la kwanza tu. Kikaratasi hakina nakala, hakuna atakayempigia Baba simu kuuliza kama alienda. Wiki mbili baadaye nilikikuta kwenye sanduku la vifaa vyake, nyuma ameandika hesabu ya mbao za kitanda. Kliniki? "Nikimaliza hiki kitanda."

Kwa wale wanaopenda mifumo: tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa nchini, kila mmoja na begi lenye mashine ya presha na simu ya kuingizia data. Hilo ndilo wazo ninalolipenda zaidi ya hema, kwa sababu huyo mtu anajua mlango wako na atarudi.

Kwa Baba nilinunua mashine iliyojaribiwa, ya kufunga juu ya kiwiko. Kanuni ya nyumbani ni hii: siku saba, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, tupa siku ya kwanza, piga wastani wa zilizobaki. Ukifika 135 kwa 85 au zaidi, ni presha. Mama ndiye anayemfunga mkanda, kisha ananitumia nambari kwa SMS, na programu fupi niliyoandika inapiga wastani. Wiki ile ulikuwa 158 kwa 96. Kitanda kiliachwa, wakaenda kliniki, akaanzishiwa kidonge kimoja kwa siku.

Wastani wa juzi ni 139 kwa 87, na Jumanne anarudi kwa daktari. Bado anasema hasikii kitu, na Mama bado anamhesabia vidonge. Msimbo nitauweka hapa wiki ijayo nikishausafisha, na ile makala ya hifadhidata itafuata.