Nani Kaufyeka Msitu wa Cyrodiil?

Mwaka 1998 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Redguard, na ndani ya boksi lake wakatia kijitabu cha kueleza nchi zote za dunia yao ya kubuni, dunia ya The Elder Scrolls. Kijitabu hicho kilisema kwamba Cyrodiil, nchi iliyo katikati ya himaya, ni msitu wa mvua usio na mwisho. Joto, unyevu, mito mipana, mpunga upande wa mashariki. Miaka 8 baadaye, yaani 2006, kampuni hiyohiyo ikatoa Oblivion, mchezo ambao karibu wote unatokea Cyrodiil. Unaanza ukiwa mfungwa, unatoroka kwa kupitia mitaro ya maji machafu, unatokeza nje kwenye mwanga, na unaona nini? Majani mafupi, ziwa tulivu, miti ya nchi za baridi, paa wanakimbia, magofu meupe ng'ambo ya maji. Msitu wa mvua hamna. Hata mgomba mmoja hamna.

Mimi niliyaona haya kinyumenyume. Nilicheza Oblivion kwanza, kwenye kompyuta ya binamu yangu iliyokuwa ikipata moto mpaka tunaielekezea feni, na kijitabu nikaja kukisoma miaka mingi baadaye. Nilipofika kwenye habari ya ule msitu nilisimama. Nikajiona kama mtu aliyekulia kwenye nyumba kisha akaambiwa hapa zamani palikuwa makaburini. Nani kaufyeka?

Majibu yapo, tena yamezidi. La kwanza limo ndani ya Oblivion yenyewe, kwenye kitabu cha mchawi mmoja mbaya, ambacho kinadokeza kwamba mfalme aliyeiunganisha himaya, yule aliyekuja kuwa mungu, aliibadilisha ardhi kwa uwezo wake. La pili lilikuja katika The Elder Scrolls Online, mchezo wa mwaka 2014. Humo msomi mmoja mwenye maringo ameandika kwamba msitu haukuwapo tangu mwanzo, ni makosa ya mnakili tu. Sasa bwana, hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Ama mungu kaufyeka, ama haukuwapo.

Sababu iliyo nje ya hadithi hakuna mhusika anayeisema, na mimi ninaikisia kama mchezaji. Msitu mnene unaziba macho. Ukisimama kilimani huoni kitu ila majani, na Oblivion ilitaka usimame kilimani uone mnara wa mji mkuu ukiwa mbali sana nao, useme, pale nitafika. Kila mti ni hesabu ambayo mashine lazima iifanye. Walitumia programu ya kuotesha miti iitwayo SpeedTree, na bado mashine za 2006 zilihema. Kwa hiyo msitu uliondoka. Kilichoufyeka ni macho ya mchezaji na nguvu ya mashine, kisha mungu akaitwa aje kutoa ushahidi.

Wapo mashabiki ambao hawajasamehe hadi leo. Mimi sijakasirika, ila ninausikitikia. Cyrodiil ya kijitabu ilikuwa ya ajabu, haifanani na Ulaya ya hadithi ambayo kila mtu keshaizoea. Walipoiondoa, hawakuondoa miti peke yake.

Lakini usidhani kila mara upungufu unaua. Angalia Wakhajiit, watu-paka wa dunia hiyohiyo. Katika mchezo wa kwanza, Arena, wa mwaka 1994, Mkhajiit alikuwa mtu wa kawaida tu mwenye rangi usoni. Katika Daggerfall, 1996, akaota mkia. Katika Morrowind, 2002, akawa paka kweli: manyoya, sura ya paka, miguu iliyokunjika kwa nyuma. Mwandishi mvivu angesema zile picha za zamani zilikuwa mbovu, tuzisahau. Wao wakasema hivi: juu ya dunia ile kuna miezi miwili, na mtoto wa Kikhajiit huwa na umbo kufuatana na jinsi miezi hiyo ilivyokuwa angani alipozaliwa. Wengine huzaliwa wakifanana na watu, wengine na paka wa nyumbani, wengine wakubwa wa kupandwa kama farasi. Basi picha zote tatu zikawa za kweli. Mie naona hilo ni jambo zuri kuliko yote waliyowahi kubuni, na lilizaliwa kwa sababu wachoraji wa miaka mitatu tofauti hawakuchora kitu kimoja!

Tena ile miguu ya 2002 ilikuwa na bei yake. Kwa kuwa ilikunjika kwa nyuma, Mkhajiit wa Morrowind hakuweza kuvaa viatu vya buti. Ukimchagua, unatembea miguu mitupu mchezo mzima, na kofia za chuma za kuziba uso nazo hazikuingii. Wachezaji walilalamika. Mimi nilipenda, kwa sababu uligha wa mwili uliuhisi kwenye mfuko: unaokota buti za thamani, unaziuza. Ilipofika Oblivion wakapewa miguu ya binadamu, buti zikaingia. Hadithi haikusema kitu. Miguu ilinyooka kimyakimya.

Kubwa zaidi kwangu ni habari ya kuelea. Katika Morrowind kuna uchawi wa kupaa hewani, na si mchezo wa watoto. Wako wachawi wa ukoo wa Telvanni wanaoishi ndani ya uyoga mkubwa kama ghorofa, na njia ya kwenda kwa bwana mkubwa haina ngazi. Ni shimo linalopanda juu, basi. Kama huwezi kuelea hustahili kumwona. Ona jinsi jambo moja la mchezo linavyokueleza kiburi cha ukoo mzima bila mtu kufungua mdomo. Oblivion ikaja, kuelea kukafutwa. Kwa nini? Kwa sababu miji yake ilijengwa mbali na dunia ya nje. Ukiwa nje ya ukuta unachokiona ndani ni ganda tupu. Ukifungua lango, ndipo kompyuta inaupakia mji wenyewe wenye watu na maduka. Sasa ungepaa juu ya ukuta ungetua wapi? Kwenye mji usio na mtu. Hadithi ikatungiwa sheria ya serikali iliyopiga marufuku kuelea. Sheria! Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana ilifanana sana na serikali: kitu hakiwezekani, basi tangaza kwamba kimekatazwa.

Na sauti. Katika Morrowind watu wengi wanazungumza kwa maandishi. Unachagua neno, unasomewa aya nzima ya historia. Katika Oblivion kila mstari ulisemwa na mwigizaji, na waigizaji hawakuwa wengi. Ndiyo maana ombaomba mmoja anakuomba shilingi kwa sauti ya kukwaruza, ukimuuliza jambo jingine anakujibu kwa sauti safi ya bwana wa mjini. Watu wamelicheka hilo miaka karibu 20 sasa. Lakini mwandishi hapaswi kucheka tu. Kila mstari unapokuwa na bei ya studio, wa kwanza kukatwa ni ule mstari mrefu wa kikongwe anayekumbuka mambo ya kale.

Mbinu hii ya kusingizia miungu haikuanzia kwenye kompyuta. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka 1974, ulifanyiwa toleo la pili la AD&D mwaka 1989, na katika toleo hilo kazi ya muuaji wa kukodiwa ikaondolewa kwenye kanuni. Sawa, lakini katika dunia yao ya Forgotten Realms wauaji hao walikuwapo, wana majina na madeni. Wafanyeje? Wakaandika kwamba miungu ilitupwa duniani ikapigana, na katika vita hivyo wauaji wote wakafa kwa mpigo, nguvu zao zikanyonywa na mungu mmoja. Ukurasa wa kanuni ulichanwa, na watu wakafa. Sijui kama nicheke au niogope. Hata hivyo katika vurugu hizohizo alikufa Bhaal, mungu wa mauaji, na mwaka 1998 Baldur's Gate ikajengwa juu ya watoto aliowaacha. Wengi wanaoipenda hadithi ile hawajui kwamba mizizi yake inagusana na mabadiliko ya kanuni za mezani.

Ninayaandika haya kwa sababu nami nina dunia yangu, na imo hatarini.

Imo kwenye kaunta buku tatu. Ni kisiwa, nakiita Mwambakuu, na kila nyumba ya kisiwa hicho ina kigoda mlangoni ambacho hakikaliwi. Ni cha mkubwa wa mwisho kufa katika nyumba ile. Mgeni akiingia hukiinamia kigoda kwanza, ndipo awasalimie walio hai. Huo ndio moyo wa dunia yangu. Vita, majini na ramani vyote vilikuja baadaye. Mwaka jana mimi na wenzangu wawili, mtunga programu na mchoraji, tulianza kuifanya gemu ndogo ya simu. Hatuna mfadhili. Tuna kompyuta mbili, na umeme tunaununua kwa kuchangishana.

Siku moja mtunga programu, ambaye amenizidi umri na ninamwita kaka, alinivuta pembeni.

"Kile kigoda kitoke," akasema.

"Kaka, kigoda ndiyo gemu yenyewe."

"Mdogo wangu, nyumba ziko 40. Kila nyumba mtu ainame. Atazima simu akachati."

"Ndiyo mila yao hiyo."

"Mila ya nani? Hao watu wamo kwenye daftari lako tu."

Iliniuma. Tukawapa simu vijana watatu wa mtaani, wajaribu. Nyumba ya kwanza waliinama, mmoja akasema dah, hii safi. Ya pili, sawa. Ya tano walikuwa wanabonyeza bila kutazama, wanapiga stori za mpira. Ya saba mmoja akaniuliza: "Hamna pa kuruka hapa?" Heshima niliyoitunga ilikuwa imegeuka foleni ya benki. Kaka hakusema kitu, akawa anaangalia dari.

Usiku ule nilimfikiria bibi yangu. Yeye alitusimulia hadithi kwa taa ya chemli, na mafuta yalipokuwa machache, milango saba ya zimwi ilikuwa inakuwa mitatu. Tulijua, hatukumlalamikia. Lakini wimbo wa kuitikia hakuupunguza hata siku moja, hata kama tumebaki wawili tulio macho. Alijua kipi ni idadi na kipi ni hadithi. Wale wa Telvanni, mtu aliwakata wimbo. Wakhajiit walipunguziwa milango tu, tena wakaongezewa miezi.

Nikarudi kwa kaka na pendekezo. Kuinama kusilazimishwe. Mchezaji akitaka apite moja kwa moja, apite, ila wenye nyumba wameona. Hawatamfukuza, watamjibu kwa mkato, watamwambia njia ndefu badala ya fupi, chai haitatoka. Aliyeinama atapata mengine. Kaka akanyamaza, akapiga hesabu kwenye karatasi ya maandazi.

"Kwa hiyo kila mwenye nyumba awe na maneno mara mbili. Nani atayaandika?"

"Mimi."

"Na mchoro wa kuinama, kila mhusika wake?"

Mchoraji akadakia kwamba anaweza kuchora mmoja wa kiume na mmoja wa kike, tuwavishe mashuka tofauti, lakini kama tunataka hivyo nyumba 40 haziwezekani. Labda 22. Tulibishana mpaka adhana ya alfajiri. Nilitaka 30. Sikupata.

Kwa hiyo nyumba 18 zimekwenda. Sikutaka kuzifuta tu kama ile miguu ya Mkhajiit, wala kumsingizia mungu, maana Mwambakuu haina miungu wa kufyeka vitu. Nimeandika kwamba upande wa kaskazini visima viliingia chumvi, watu wakahama na vigoda vyao kichwani, nyumba zikaanguka. Hadi wiki iliyopita nimeandika majibu 160 ya wenye nyumba waliobaki, na wahamiaji wameanza kujipenyeza humo. Mama mmoja anamkatisha mgeni aulize kwanza kama maji ya kule yamerudi kuwa matamu. Sikumpangia hilo.

Kuna mzee mmoja aliyekataa kuhama. Nyumba yake hatuna uwezo wa kuijenga. Nimemwomba mchoraji anichoree kigoda chake peke yake, kule kaskazini, ufukweni. Amesema kigoda kimoja kinawezekana.