Barua kwa Mpwa Aliyekabidhiwa Usimamizi wa Matatu

Kwa mpwa mpendwa, Kisauni.

Habari ya mpwa kuteuliwa msimamizi wa madereva na makanga katika sacco, yaani ushirika ambao matatu husajiliwa chini yake, imepokewa hapa Likoni kwa furaha, na mjomba ameona ni wajibu wake kumwandikia nasaha juu ya jambo linalowashinda wasimamizi wengi, nalo ni kuwafanya watu waache mazoea mabaya wasiyarudie.

Mfano ni huu: kanuni za matatu zilizoitwa sheria za Michuki, kwa jina la John Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilianza kutekelezwa Februari 2004, zikiamuru mikanda, sare na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Mwanzoni zilitiiwa, lakini mkono wa polisi ulipolegea, mikanda ikaishia kufungwa chini ya viti, ikashika vumbi hata abiria mwenye kanzu nyeupe asithubutu kuigusa, makanga wakarudi kuning'inia mlangoni, na Novemba 2018 serikali ikalazimika kuzikazia upya kanuni zilezile. Ajabu ni kwamba humo mlikuwa na sharti la kuwaajiri dereva na makanga kwa kudumu, ambalo lingegusa chanzo, nalo halikuota mizizi. Chanzo chenyewe ni malipo: dereva anayedaiwa tageti, yaani kiasi ambacho mwenye gari lazima akabidhiwe kila jioni, hula kinachozidi hapo, na kwa hiyo kumhubiria subira katika msongamano wa Kongowea ni kumwonea.

Hata hivyo, kuna jaribio lililofaulu: mwaka 2008 watafiti James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walisambaza katika matatu za masafa marefu nchini Kenya stika za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo, na madereva waliozihifadhi wakaingizwa katika bahati nasibu; madai ya bima ya magari hayo yakapungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Ukemeaji huo ulitoka kwa mtu ambaye roho yake imo garini, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Safari ya Kisauni hadi mjini, hata hivyo, ni fupi, abiria huwaza kushuka tu, hivyo stika pekee huenda zisifue dafu. Afadhali sauti hiyo itafutwe kwa madereva wakongwe wa steji, ambao kijana wa skwodi, yaani dereva wa kushikilia gari kwa saa chache, huwaheshimu kuliko faini.

Basi mpwa asianze na sare mpya wala semina. Awaendee kwanza wenye magari, awaombe wapunguze tageti ya magari machache kwa miezi mitatu, na gharama za gereji, faini na hongo, kabla na baada, ziandikwe daftarini wazione wenyewe. Kisha madereva wa magari hayo ndio waachiwe kuamua adhabu ya makanga anayening'inia mlangoni.

Wasalaam,
Mjomba, Likoni