Mpeleke Mtoto Akalambe Jani la Mchu

Mkomani, Lamu

Mpwa wangu mpenzi,

Bibi yako anakusalimu na anauliza lini utavuka kuja kumwona.

Ujumbe wako wa simu nimeusoma mara mbili, lakini jibu lake haliingii kwenye simu. Unasema mwalimu mkuu amekuchagua kwenda semina ya walimu kuhusu wanyamapori na mazingira, nawe unaona haya kwa kuwa unafundisha Kiswahili na dini, hukusoma biolojia. Mwanangu, nenda. Kwa hapa kwetu, mwalimu wa Kiswahili ndiye hasa anayetakiwa, na nitakueleza kwa nini.

Semina yangu ya kwanza nilikuwa kijana kama wewe. Siku tatu tulionyeshwa picha za simba, twiga na faru, nami nikarudi kisiwani na bango la tembo. Nililibandika ukutani. Watoto walilitazama kwa adabu, kama wanavyotazama picha ya theluji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona tembo, lakini wengi wao walikuwa wamewahi kumgusa kasa.

Basi nikaamua kufundisha kasa, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Nilisimama mbele ya darasa la sita na moto wa semina bado kifuani, nikasema kwamba anayekula kasa ni mwizi na mahali pake ni jela. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akainamisha kichwa. Darasa zima lilijua ni nyumba gani iliyopika kasa wiki ile. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja.

Siku ya tatu, baada ya magharibi, nilikwenda kwao. Babake alikuwa barazani anashona wavu. Hakunigombeza. Alinikaribisha, akaniuliza tu: "Mwalimu, kasa akinaswa akanipasulia wavu, nani hunilipa?" Sikuwa na jibu. Semina haikunipa jibu hilo, wala mimi sikufikiri kuliuliza.

Jibu walikuwa wanalitafuta wengine. Shela, tangu mwaka 1992, Lamu Marine Conservation Trust wamefanya kazi ya kuwalinda kasa pamoja na wavuvi wenyewe, na huko Kiunga WWF na Shirika la Wanyamapori wamefuata njia hiyo hiyo ya kushirikiana na wanavijiji. Sheria ya wanyamapori ipo, na ile ya mwaka 2013 ni kali. Lakini usimtishe nayo mtoto kwa ajili ya chungu cha mamake.

Yule mzee wa wavu nilimwomba aje shuleni. Alikuja na kanzu yake ya Ijumaa. Akachora kwa kidole kwenye mchanga wa uwanja nyayo za kasa anayepanda pwani usiku, na zile za kasa aliyepanda akarudi bila kutaga. Aliwaambia watoto kwamba mayai hupita mia katika shimo moja na hukaa mchangani karibu miezi miwili. Mimi nikaongeza neno moja ambalo hakuwa akilijua: kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua mtoto awe dume au jike, na mchanga ukizidi joto huwa majike watupu. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akauliza maswali mengi kuliko darasa zima. Mwanawe alikaa dawati la mbele siku ile.

Sasa nije kwenye Kiswahili chako. Vitabu vya shule husema "mikoko", basi. Waulize watoto wako wa Pate wakawaulize babu zao, watakuletea mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi, kila mti na tabia yake. Kenya ina aina tisa, na zaidi ya nusu ya misitu yote ya mikoko ya nchi iko kaunti yetu hii. Waulize pia miti inavyoitwa ikishakatwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti. Msamiati huo ni elimu ya msitu kamili, na unapotea haraka kuliko miti yenyewe. Kisha waingize katika nyumba yoyote ya mawe, wapime chumba kwa hatua. Ni kirefu lakini chembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti, na boriti haiwi ndefu kuliko mti ilikotoka. Mji huu umepimwa kwa mikoko.

Ukiwatoa nje, fuata mwezi. Bamvua huwa mwanzo wa mwezi wa Kiislamu na katikati yake, na siku hizo maji yetu hupwa sana baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Hicho ni kipindi kizima cha masomo Mungu amekupangia. Waonyeshe vipumulio vya mchu vilivyochomoza topeni kama penseli. Mpe kila mtoto jani, aligeuze, alilambe upande wa chini. Atakunja uso: ni chumvi, mti umeitoa mwilini mwake. Hakuna bango linalofundisha hivyo.

Katika semina, uliza mambo mawili. Kwanza, jinsi ya kusajili klabu ya shule. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, si jambo la wataalamu tu. Pili, omba wakufundishe namna maamuzi ya mazingira yanavyofanywa. Unakumbuka tarehe 26 Juni 2019, leseni ya kinu cha umeme wa makaa ya mawe cha Kwasasi ilipofutwa? Baraza la rufaa za mazingira lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wenzetu wa Save Lamu walikwenda huko wakiwa na hoja. Watoto ulio nao leo ndio watakaoitwa vikaoni kesho, nami nataka wajue kusoma karatasi watakazopewa na kujua mlilana ni upi.

Semina ikiisha, njoo bamvua ya kwanza itakayoangukia wikendi. Panda boti Ijumaa alasiri, maji yakiwa yamejaa, maana yakipwa, mkondo wa Mkanda haupitiki. Jumamosi saa tatu tutavuka upande wa Manda na mzee mmoja aliyekata boriti maisha yake yote; nimeshazungumza naye na amekubali. Vaa viatu vya kufunga, si ndara. Chaza wa mizizini wanakata.

Mjomba wako akupendaye