Hodi ya Mbali

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya jicho. Anayeangalia hutazama, lakini pia hutunza. Ndiyo maana mwenye dhamana ya jengo huitwa mwangalizi. Anayechungulia hupenyeza jicho kwenye upenyo, naye hataki aonekane. Anayedoya hutafuta habari za watu ili azitumie. Tangu nistaafu ualimu na kuhamia Milepa, vitenzi hivi vimetoka kwenye somo la msamiati na kuingia nyumbani mwangu.

Nyumba yenyewe ipo Sumbawanga mjini, juu kwenye uwanda wa Ufipa, nami nipo huku bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa. Humo anaishi dada yangu mkubwa, mjane. Baada ya wezi kuvunja stoo, mwanangu alifunga kamera nne na kompyuta ya kuhifadhi picha. Anwani ya kompyuta hiyo ni ya ndani ya nyumba tu, hivyo haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Yenyewe huanza kuita seva iliyo mbali, na simu yangu hupitia kwa seva hiyohiyo. Mtandao wa huku ukikubali, nauona ua wa dada yangu kiganjani.

Wiki ya pili alinipigia simu. "Mwalimu," akaniambia, "mgeni akifika hapa hubisha hodi. Wewe unaingia mara ngapi kwa siku, mbona hodi yako siisikii?"

Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inalinda maisha binafsi ya mtu na unyumba wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kukusanya na kutumia taarifa za watu. Dada yangu hajazisoma, lakini kiini chake alikifikia kwa neno moja.

Hodi humpa aliye ndani nafasi ya kujifunga khanga, kukatiza mazungumzo, au kusema "subiri". Karibu ni yake kuitoa. Neno la siri ni hodi ya mashine tu: huuliza nani anaingia, haliulizi kama anatakiwa. Na hata hilo ni dhaifu likipuuzwa. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na mashine nyingi za kurekodi duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadili. Hodi inayojulikana na kila mtu si hodi.

Tukakubaliana. Kamera ya uani imegeuziwa langoni, neno la siri la kiwandani limeondolewa, nami humpigia kwanza. Usiku wa manane, lango likiguswa, ruhusa nimepewa mapema.

Makubaliano hayo yana gharama. Juzi hakupokea simu kwa saa mbili. Ana umri wa kuanguka, na kidole changu kilikuwa tayari juu ya kioo. Nilimpigia jirani badala yake. Dada alikuwa kwenye jumuiya, simu ameiacha kitandani.

Washairi na wapenzi wa lugha, neno la kuingia kwa ruhusa tunalo. La kutazama kwa ruhusa, kutoka mbali, ningependa mnisaidie kulitafuta. Kwa sasa natumia "kuangalia", kwa ile maana yake ya pili.